Herufi Moja katika Gurudumu: Somo la Spana, Wenzo na Jeki

Ninyi mnaokalia sasa madawati tuliyokalia sisi zamani,

Nimeombwa niandike jambo lenye mafunzo kwa ajili ya kurasa hizi za Kiswahili. Mimi si mwalimu. Ni mwenye lori moja tu, nachukua mizigo kati ya Arua na Koboko, mara nyingine hadi mpakani Oraba, na mara chache navuka daraja la Pakwach kwenda Kampala. Nilipokuwa shuleni nilipata alama nzuri katika fizikia, nikadhani nimekwisha kuimaliza. Leo nataka kuwaeleza jinsi nilivyojifunza, kwa hasara ya mali yangu na kwa kidole cha mtu mwingine, kwamba kuijua kanuni katika daftari ni jambo moja, na kuijua mkononi ni jambo jingine.

Baraza la chini ya mwembe

Jumapili jioni sisi wenye malori wa Arua hukutana chini ya mwembe mmoja karibu na gereji tunayotengenezea magari yetu. Hapana mwenyekiti wala katibu. Kila mtu huja na kigoda chake au hukaa juu ya tairi kuukuu. Mmoja ni Mlugbara, mwingine Mkakwa wa Koboko, mwingine mzee wa Kinubi ambaye sote twamwita Haji, mwingine askari mstaafu ambaye hata leo twamwita Afande, na mara nyingi yuko mfanyabiashara wa Aru, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, ambaye Kiswahili chake kimechanganyika na Kilingala. Lugha inayotukutanisha ni Kiswahili. Spana ni spana kwa wote, na jeki ni jeki kwa wote.

Mazungumzo huanza kwa bei ya dizeli, kisha hugeukia vyombo. Mtu hutoa spana mpya mfukoni na kuizungusha mikononi ili wote waione. Halafu yanaingia mambo ya nyumbani: mlango unaokwama, bati linalovuja, nguzo iliyoliwa na mchwa. Maana mwenye lori hatenganishi gereji na nyumba. Nondo ile ile inayobandua tairi hung'oa kisiki shambani. Tindo iliyofuliwa kwa springi kuukuu hutoboa ukuta wa matofali. Chuma cha springi kina kaboni nyingi kuliko chuma laini cha nondo za kujengea, na ndiyo sababu wahunzi wetu hukipenda kwa kufulia mapanga na majembe.

Katika vyombo vyote tunavyobishania, nimechagua vitatu: spana, wenzo na jeki.

1. Spana na kipimo chake

Afande anayo sanduku la spana alilorithi kwa baba yake, aliyekuwa dereva wa Bedford. Malori hayo ya Kiingereza yalikuwa mengi katika barabara zetu baada ya Vita Kuu ya Pili, na nati zake zilipimwa kwa inchi. Siku hizi twaendesha zaidi Fuso na Isuzu za Japani, ambazo nati zake hupimwa kwa milimita. Basi Afande hudai kwamba spana ni spana, na kwamba ile inayoingia ndiyo inayofaa.

Tuangalie hesabu. Inchi 1 ni milimita 25.4. Nati ya nusu inchi ina upana wa mm 12.7. Ukiishika kwa spana ya mm 13, inaingia vizuri sana, hata unafurahi. Lakini imebaki nafasi ya mm 0.3. Ukivuta kwa nguvu, spana haikamati tena ubapa wa nati, inakamata pembe zake tu. Pembe zinalika, nati inakuwa duara, na sasa hapana spana yoyote duniani itakayoifungua. Utaikata kwa tindo. Lakini nati ya inchi 3/4 ni mm 19.05, na spana halisi ya mm 19 huikaribia mno. Hapo Afande hushinda ubishi, naye hatuachi tusahau.

Tena kuna mtego mwingine. Mwaka 1841 fundi wa Uingereza, Joseph Whitworth, alipendekeza kipimo kimoja cha nyuzi za bolti kwa viwanda vyote, maana kabla yake kila kiwanda kilikata nyuzi kwa namna yake. Spana za mtindo wake huandikwa unene wa bolti, wala si upana wa nati. Basi spana mbili zilizoandikwa nusu inchi, moja ya Whitworth na moja ya mtindo mwingine, hazitoshani kabisa. Anayesoma nambari bila kujua inapima nini, hajasoma.

Shikeni maneno hayo, maana mimi mwenyewe niliyakosa.

2. Wenzo, na usiku wa barabara ya Koboko

Mnajua kanuni ya wenzo. Archimedes wa Syracuse aliithibitisha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: nguvu mara umbali wake kutoka egemeo, upande huu, ni sawa na nguvu mara umbali wake upande wa pili. Spana ni wenzo, na egemeo lake ni katikati ya nati. Mwalimu wa fizikia atawaambia kwamba nguvu hupimwa kwa nyutoni, na kwamba kilo 1 huvutwa na dunia kwa nyutoni karibu 9.8. Anasema kweli. Lakini sisi wa gereji huhesabu kwa kilo, tukazidisha kwa mita, na jibu twaliita nguvu ya kuzungusha.

Mtu akivuta kwa kilo 50 katika spana ya sm 60, nguvu ya kuzungusha ni 50 mara 0.6, yaani 30. Akivika bomba la chuma juu ya spana hata urefu uwe sm 180, kwa mvuto ule ule apata 90. Mtu wa kilo 70 akining'inia kwa uzito wake wote mwishoni mwa bomba hilo, apata 126. Kitabu cha lori langu kimeandika kwamba nati za magurudumu zikazwe kwa nyutoni-mita 590, yaani 60 kwa hesabu yetu. Mnaona basi kwamba bomba limezidi mara mbili.

Mwaka 2009, kabla barabara ya Arua kwenda Koboko na Oraba haijawekwa lami, nilikuwa nimenunua Fuso langu kwa mkopo. Tangu mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005, malori yalikuwa yakipita Oraba na Kaya kupeleka vyakula Yei na Juba, nami nilitaka sehemu yangu katika biashara hiyo. Nilipakia nyanya Arua alasiri. Taniboi wangu, yaani utingo, alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, kijana wa miaka 17. Tulipita Ombaci salama. Baada ya hapo, usiku umekwisha kuingia na mvua imenyesha, gurudumu la mbele la kushoto likapasuka.

Tukaweka jeki, tukachukua spana ya magurudumu. Nati zote duniani, nilidhani, hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa. Nikazungusha hivyo. Nati haikutikisika. Nikavika bomba. Haikutikisika. Nikamwambia kijana, "Ning'inia." Akaning'inia, nami nikasukuma kwa mabega. Tukasikia mlio kama wa bunduki. Nikafurahi nikidhani kutu imeachia. Kumbe bolti imekatika. Nilifanya nini? Nikahamia bolti ya pili, nikaikata nayo.

Haji alikuja nyuma na lori lake, akasimama. Hakuuliza mengi. Alimulika tochi, akachukua kitambaa, akafuta tope katika ncha ya bolti ya tatu.

"Kijana, wewe uliyesoma, hii ni herufi gani?"

"Ni L, Haji."

"Nenda katazame upande wa kulia wa lori lako."

Nikaenda, nikafuta tope. Ilikuwa R.

"Basi soma, mwanangu," akasema. "Mimi sikukaa darasani, lakini herufi hizo mbili nazijua."

Maana yake ni hii. Ukisimama nje upande wa kushoto wa lori linalokwenda mbele, utaona gurudumu linazunguka kinyume cha mshale wa saa. Mafundi wa zamani waliogopa kwamba mzunguko huo utalegeza nati za kawaida, basi upande wa kushoto wakaweka nyuzi za kinyume. Nati hizo hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa, na hufunguliwa kwa kufuata saa. Malori mengi ya Kijapani ya namna ya langu yamefanywa hivyo. Malori mengi mapya, hasa yenye magurudumu ya mtindo wa kimataifa, nati zake za pande zote mbili hukazwa kwa namna moja. Ndiyo sababu kwanza husomwa herufi, halafu huvutwa spana. Mimi nilikuwa nikikaza nati iliyokwisha kukazwa, kwa nguvu ya mara mbili ya ile iliyotakiwa.

Bolti 4 zilizobaki Haji alizifungua kwa spana fupi bila bomba. Nikasema tufunge gurudumu la akiba twende polepole, maana nyanya hazingoji. Akakataa. Alisema, "Gurudumu la bolti 6 lenye bolti 4, na mzigo juu yake, si gurudumu. Ni kamari." Tukalala njiani. Bolti zilikuja kutoka Arua siku ya pili jioni. Nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maji, nikaziuza Koboko kwa bei ya kutupa, na malipo ya mkopo ya mwezi ule nikayakosa. Tangu usiku ule, chini ya mwembe jina langu ni Mwalimu. Msidhani ni jina la sifa.

3. Jeki, na nguzo ya veranda

Ningalisema nimejifunza. Lakini aliyeungua kwa moto hujihadhari na moto, na maji ya moto huyasahau.

Jeki ya mafuta hufanya kazi kwa kanuni ya Blaise Pascal, Mfaransa aliyeishi kutoka 1623 hata 1662: ukisukuma mafuta yaliyofungiwa mahali, msukumo huenea sawasawa pande zote. Joseph Bramah wa Uingereza alitumia kanuni hiyo mwaka 1795 katika mashine yake ya kukandamiza. Ndani ya jeki mna pistoni mbili. Tuseme ndogo ina kipenyo cha sm 1, na kubwa sm 4. Eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, basi kubwa ina eneo mara 16 ya ndogo. Na mkono wa jeki ni wenzo: kutoka egemeo hadi pistoni ndogo ni sm 3, na hadi kiganja chako ni sm 60, yaani mara 20. Zidisha 16 kwa 20, upate 320. Ukisukuma kwa kilo 15 tu, wainua kilo 4,800.

Je, nguvu hiyo imetoka wapi? Haikutoka bure. Ili mzigo upande sm 1, kiganja chako lazima kisafiri sm 320. Kila unachopata katika nguvu, walipa katika mwendo. Na katika jeki ya kweli walipa zaidi kidogo, kwa sababu ya msuguano.

Haya nilikuwa nayajua tangu darasani. Sasa sikilizeni.

Mwaka 2014 mama yangu mdogo, aliyeko Koboko, aliniita. Nguzo ya veranda yake ilikuwa imeliwa na mchwa kutoka chini, na boriti inayobeba mabati imelegea, imeinama. Nikaja na lori, pamoja na yule kijana, ambaye sasa alikuwa mtu mzima. Nikasema kazi hii ni ya nusu saa: tutainua boriti kwa jeki ya lori, tutatoa nguzo mbovu, tutaweka mpya. Jeki ni fupi, basi nikasimamisha mti juu ya kichwa chake hadi kufikia boriti. Jeki yenyewe nikaiweka juu ya udongo mtupu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku.

Nilihesabu nguvu ya jeki, sikuhesabu udongo. Kitako cha jeki yangu ni sm 10 kwa sm 12, yaani sm za mraba 120. Kipande kile cha paa kilikuwa na uzito wa kilo 400 hivi. Gawanya: zaidi ya kilo 3 juu ya kila sm ya mraba. Mtu wa kilo 70, ambaye nyayo zake mbili zina eneo la sm za mraba 300 hivi, haikandamizi ardhi hata kwa robo kilo juu ya kila sm ya mraba, na bado katika tope huzama. Laiti ningeweka chini ya jeki ubao mnene wa sm 30 kwa sm 40, eneo lingekuwa 1,200, na udongo ungechukua sehemu ya 10 tu ya shida ile.

Boriti ilipanda vizuri. Tukaondoa nguzo mbovu. Kijana alikuwa ameshika boriti ili isiyumbe, mkono wake umekaa kati ya boriti na ukuta wa matofali. Kitako cha jeki kikazama upande mmoja. Kilizama kidogo, labda kwa unene wa kidole. Lakini mti uliosimama juu ya jeki ulikuwa na urefu wa mita 2, na kinachoinama kidogo chini huinama sana juu. Mti ukaruka, boriti ikashuka. Vidole viwili vilibanwa. Hospitalini waliokoa kimoja, na cha pili wakakata ncha yake.

Mama mdogo hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, ulikuja kunitengenezea nyumba." Maneno hayo nayasikia hata leo kila nishikapo jeki.

Baadaye Haji na Afande walikuja Koboko pamoja nami, tukaifanya upya kazi ile. Tulichimba udongo laini hadi kufikia mgumu, tukalaza mbao mbili zilizopishana, na jeki juu yake. Tulikata miti miwili ya kushikilia, mmoja kila upande. Tuliinua sm 1, tukasukuma kabari chini ya miti ile, tukainua tena sm 1, tukasukuma kabari tena, hata boriti ikanyooka. Kwa njia hiyo, hata jeki ikizama, mzigo hushuka sm 1 tu na kukaliwa na kabari. Mtu yeyote hakuweka mkono kati ya vitu viwili. Kisha tukapima kwa pimamaji na timazi. Kazi yote ilichukua siku nzima. Nusu saa yangu ilikuwa imegharimu kidole.

Nguzo mpya ubishi ukazuka juu yake. Afande alitaka tuipake oili chafu ya injini ili mchwa waikimbie, kama wengi wafanyavyo. Lakini oili chafu ina sumu. Hudhuru ngozi, na mvua huipeleka katika visima. Tukaisimamisha nguzo juu ya kitako cha zege kilichoinuka sm 30 kutoka ardhini, na kati ya zege na mti tukaweka kipande cha bati kilichokunjwa kingo zake chini. Mchwa wa ardhini hujenga njia zao za udongo, na hapo lazima zitokeze nje mtu azione na kuzibomoa. Nguzo hiyo imesimama mpaka leo.

Mambo ya kushika

Kwanza, soma chombo kabla ya kukivuta. Nambari, herufi na mshale vimewekwa na mtu aliyejua jambo usilolijua.

Pili, chombo kisipotii, usikiongezee urefu upesi. Jiulize kwanza kama wewe ndiwe unayekwenda upande usio wake.

Tatu, jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mzigo ukipanda, uwekee stendi au vigogo imara, na magurudumu mengine uyazuie kwa kabari. Chini ya lori lililobebwa na jeki peke yake usiingie kamwe, hata ukiitwa mwoga.

Nne, hesabu ardhi pamoja na mzigo.

Tano, chombo huzidisha nguvu ya mkono, na kosa la mkono hulizidisha vile vile. Jeki iliyozidisha nguvu zangu mara 320 haikuuliza kama nina haki ya kuzitumia.

Maswali ya kujipima

1. Nati ya inchi 5/8 ina upana wa milimita ngapi? Spana ya mm 16 itabakiza nafasi kiasi gani?

2. Taniboi wa kilo 55 amesimama mwishoni mwa spana ya sm 80. Nguvu ya kuzungusha ni kiasi gani? Yatosha kufikia 60?

3. Jeki ina pistoni za sm 1.2 na sm 4.8, na mkono wake huzidisha mara 25. Ukisukuma kwa kilo 10, wainua kilo ngapi, bila kuhesabu msuguano?

4. Mzigo wa kilo 1,800 umekaa juu ya jeki ya kitako cha sm 10 kwa sm 12. Tafuta msukumo juu ya kila sm ya mraba. Kisha utafute tena baada ya kuweka ubao mnene wa sm 30 kwa sm 50.

Majibu: 1. mm 15.875, na nafasi ni mm 0.125. 2. Ni 44, haitoshi. 3. Kilo 4,000. 4. Kilo 15, kisha kilo 1.2.

Yule kijana sasa ni dereva, analo lori lake mwenyewe, na Jumapili hukaa nasi chini ya mwembe. Taniboi mpya akiletwa kwa mara ya kwanza, hatumpi spana. Kijana wetu humwonyesha mkono wake, halafu humpa kitambaa, amwambie afute tope katika bolti na kusoma kwa sauti kilichoandikwa hapo. Wengine hucheka. Haji hacheki.

Nanyi mtakapofungua daftari la fizikia kesho, someni kama mtu aliye njiani usiku, mwenye nyanya garini.

Ni mimi mwenzenu wa zamani,
Mwenye Lori, Arua